Saa yangu inaanza nikiamka

Juzi jirani alinikuta naruka kamba uani saa kumi jioni akaguna: "Baba, wenzako wanarudi hoi, wewe ndiyo unapasha?" Nikamjibu kwangu ndiyo kumekucha. Akadhani utani.

Mimi huingia usiku. Kiwanda chetu kiko kando ya Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, tunatengeneza mabeseni na ndoo za plastiki, na zamu yangu ni saa mbili usiku mpaka saa moja asubuhi. Huu mwaka wa nne. Ushauri wote wa afya ninaoletewa kwenye simu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayelala usiku: amka alfajiri ukimbie, kunywa chai nzito, usile tena baada ya saa mbili usiku. Saa mbili usiku mimi ndiyo kwanza nasaini daftari getini!

Mwanzoni niliufuata hivyohivyo. Nikitoka zamu nakimbia kutoka kiwandani hadi nyumbani Tabata, jua usoni, najiona mwanamichezo. Nikifika mwili umechemka, macho makavu, usingizi hauji. Nalala saa tano, saa nane fundi wa kuchomelea mageti jirani anaanza kazi. Sikujua kwamba mwanga wa asubuhi ukiingia machoni, ubongo unapokea taarifa kuwa siku imeanza, na ile mbio nayo inaongeza chumvi. Wiki ya tatu nikasinzia nimesimama. Beseni likitoka kwenye mashine bado lina moto, unakata masalia ya ukingoni kwa kisu kidogo, kisha linakuja jingine. Lile moja sikuliona likija. Kovu liko hapa kwenye kidole gumba cha kushoto.

Chakula nacho kilikuwa kituko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka anayefanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi aongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Asilimia 5 yangu ilikuwa inaishia kwa muuza chipsi wa getini. Mama lishe wetu anafunga saa tatu, anakwenda kulala kama binadamu wengine, na usiku wa manane kinachobaki ni chipsi zilizokaangwa tangu jioni, zinatoswa tena kwenye mafuta yaleyale, yai juu, soda pembeni. Nikila saa tisa, saa kumi kichwa kizito kama nimetwishwa gunia. Nililaumu uvivu wangu, kumbe usiku mwili hauishughulikii sukari kwa wepesi wa mchana: sahani ileile ukiila usiku, sukari inapanda zaidi kwenye damu na inachelewa kushuka. Mkanda wa suruali ukasogea matundu mawili.

Nilichobadilisha ni namna ya kuhesabu. Sisi Waswahili saa zetu tunazianza jua likichomoza. Mimi nikaanza kuzihesabu tangu ninapoamka. Nikifika nyumbani nakunywa uji kikombe kimoja na ndizi, napandisha kitenge cheusi kilichokunjwa mara mbili dirishani, saa tatu nimelala. Naamka saa kumi kasoro. Hapo ndipo kamba, pushapu na kuchuchumaa, dakika 25, siku sita. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na hizo zinatimia bila kulipia jimu. Halafu ndiyo chakula kikubwa: ugali, dagaa, matembele, na jua bado lipo. Kazini nabeba hotpoti yenye viazi vitamu na mayai mawili ya kuchemsha, naimaliza saa sita. Kahawa ya mwisho ni saa hiyohiyo, maana ukishainywa, hata zikipita saa tano au sita, karibu nusu ya kafeini yake bado inazunguka mwilini, na mimi nataka kulala saa tatu asubuhi. Baada ya hapo ni maji tu. Siku za mapumziko sifuati yote haya, sitawadanganya.

Watu wananiambia haiwezekani kuhamisha milo namna hiyo. Nawauliza, na Ramadhani je? Mwezi mzima watu wanakula daku kabla ya alfajiri, wanafuturu magharibi, na kazi zinaendelea. Tofauti ni moja: Ramadhani nyumba nzima inahama pamoja, ila anayeingia usiku anahama peke yake. Ndiyo maana nasema jambo hili si la nidhamu ya mtu mmoja. Kwangu lilikaa sawa siku mke wangu alipoamua chakula cha usiku kiwe cha saa kumi na moja jioni. Watoto walilalamika siku mbili, wakazoea, na sasa ndiyo mlo pekee tunaokula wote wanne mezani. Fundi mageti naye tulikaa tukaongea. Anaanza na kupima na kupaka rangi, kelele zinakuja baada ya alasiri. Hajawahi kukosea zaidi ya mara moja kwa wiki.

Kiwandani bado. Sheria hiyohiyo inatupa mapumziko ya dakika 60, na tunayapata, lakini hakuna pa kupashia chakula. Ukibeba cha nyumbani unakila kimepoa, na chipsi za getini zinanukia moto. Nani atashinda hapo? Tulimwomba msimamizi jiko moja la gesi kwenye chumba cha mapumziko, la sahani mbili tu, mtungi tutajaza wenyewe kwa kuchanga. Akasema atapeleka juu. Huu mwezi wa tano tunasubiri. Hotpoti yangu naiviringisha taulo.