Kucha za Mkono Mmoja

Kucha zangu za mkono wa kulia ni ndefu. Za kushoto nimezikata mpaka kwenye nyama. Naanza na hilo kwa sababu kila ninayekutana naye huanza na hilo. Konda wa daladala kabla ya kunipa chenji anaziangalia kwanza kucha, halafu ananiangalia usoni, halafu chenji anaiweka kwenye kiti. Mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Korogwe alikaa siku tatu hajasema neno. Siku ya nne akamvuta binti yake uani na kumuuliza kwa sauti ya chini, ila kwenye hizi nyumba zetu za kupanga sauti ya chini haipo: "Mwanangu, huyu mwenzio anatibiwa na nani?"

Sitibiwi na mtu. Najifunza gitaa.

Mimi ni mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, Tabata, na umri wangu ni miaka 44. Usiku mmoja mama Zawadi ameshalala, mimi napekua simu, nikamwona mzee wa Kizungu amekaa kwenye kiti na gitaa lake. Hakuna ngoma, hakuna kinanda, hakuna mwimbaji. Vidole tu. Lakini besi inasikika, kitikio kinasikika, na wimbo wenyewe unaelea juu. Nikasema huyu babu ni bendi nzima, na hagawani posho na mtu.

Wimbo aliokuwa anapiga unaitwa Gran Vals, dansi ya mapigo matatu aliyoitunga Mhispania mmoja, Francisco Tárrega, mwaka 1902. Niliuchagua huo huo kwa sababu moja: nilipousikia nilihisi naujua. Mwili ukanisisimka. Nikajiambia hiki ni kipaji, kilikuwa kimelala tu muda wote huu kwenye stoo ya saruji. Sikujiuliza naujua kutoka wapi. Ningejiuliza siku ile, leo ningekuwa na amani.

Gitaa nilinunua Kariakoo. Muuzaji aliniapia kwamba ni la muziki wa kila aina. Kufika nyumbani mwalimu, ambaye anakaa ndani ya simu, anasema muziki huu unataka nyuzi za nailoni, na langu lina nyuzi za chuma zinazokata kidole kama waya wa kufungia nondo. Zile nene zinazopigwa kwa gumba, zilizozungushiwa waya, nilizipata kwa mpiga gitaa wa baa, zimetumika. Hizi tatu nyembamba hakuwa nazo. Nikaenda Feri kutafuta mshipi wa kuvulia. Uzi wa kwanza wa gitaa la namna hii una unene wa kama milimita 0.7, wa tatu unafika milimita moja, na mimi vipimo ndiyo kazi yangu, nikavitaja kimoja kimoja. Yule muuzaji akaniuliza kwa heshima, "Mkubwa, unakwenda kuvua nini?" Nikamwambia ni za gitaa. Akamgeukia mwenzake: "Mpe wa papa, huyu hajui anachokwenda kukutana nacho."

Na hapo bado nina bahati. Enzi za Tárrega nailoni haikuwepo, nyuzi nyembamba zilikuwa za utumbo. Sasa nenda bucha la Tabata ukaombe utumbo, uulizwe robo au nusu, useme hapana, nataka wa kupigia dansi.

Somo la kwanza mwalimu aliandika herufi nne ubaoni: p, i, m, a. Nikasema sawa, pima. Mimi kupima tena? Nikachukua tepu, nikapima gitaa kutoka kwenye daraja, kile kipande kinachoshikilia nyuzi kule chini, mpaka shingo inapoishia, sentimita 65 kamili, nikaandika kwenye daftari, nikasubiri amri ya pili. Bando likakata. Kesho yake nikaanza upya, nikapima tena, ikaja 65, bando likakata palepale. Siku ya tatu ndiyo akafika kwenye maana. Kumbe ni Kihispania: p ni gumba, i ni kidole cha shahada, m cha kati, a cha pete. Ni majina ya vidole vya mkono wa kulia. Kidole cha mwisho hakina herufi wala kazi. Kinakaa pembeni kinaangalia wenzake wakihenya, kama yule shemeji yangu aliyekuja mjini kwa wiki mbili kutafuta ajira, na huu ni mwaka wa tatu.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe. Gumba linapiga besi kwenye pigo la kwanza. Shahada na cha kati vinajibu pigo la pili na la tatu. Cha pete huko juu kinaimba. Vyote kwa pamoja, mkono mmoja, na mwalimu anatabasamu anasema legeza mabega. Ni sawa na kumwambia mtu apepete mchele, akune nazi na anyoe ndevu, halafu unamlaumu kwamba amekunja uso. Mkono wa kushoto nao una shida zake. Kuna mahali unalaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita na kuzikandamiza kama unamzuia mbuzi wa Idi, huku vidole vingine vikienda kutafuta riziki zao mbali. Ukilegea kidogo tu, inatoka sauti ya mtu anayegonga kopo la rangi. Ncha za vidole hivyo zimeota sugu mpaka simu yangu mwenyewe hainitambui tena. Naigusa, inaniambia jaribu tena. Mke, mama mkwe, sasa na simu.

Na mbu wa Tabata wameshajua. Hawaumi mtu mwenye mikono mitupu, wanasubiri nifike pale mikono yote miwili ina kazi.

Kingine ni mguu. Mguu wa kushoto lazima uinuliwe, uwekwe juu ya kigoda ili gitaa likae sawa pajani. Kigoda hatuna, tuna mbuzi ya kukunia nazi. Nikawa naweka mguu pale, ule ulimi wa chuma nimeuelekeza ukutani. Mama Zawadi alivumilia wiki. Siku ya wali wa nazi alisimama mbele yangu na sahani ya vifuu mkononi, hakusema kitu. Nikashusha mguu. Siku hizi natumia debe la rangi la lita nne.

Lakini tuliongelea kucha. Mwalimu anasema sauti nzuri inatokana na kucha: ncha ya kidole iguse uzi kwanza, kucha imalizie. Sauti inang'aa, anasema. Mwalimu huyu ni dhahiri hali ugali. Mkono wenye kucha ndefu ni wa kulia, na mkono wa kula ni huohuo wa kulia. Nikimega tonge, nusu linakwenda mdomoni, nusu linabaki chini ya kucha kama akiba ya uzeeni. Mlenda nimeusamehe. Kazini nako ni vita. Mteja anataka nondo kumi za milimita 12, nazivuta, naisikia ta! Sio nondo, ni cha pete. Kilichokuwa kinaimba. Kucha moja inataka wiki kadhaa kurudi, na kwa wiki hizo wimbo wangu unakuwa besi tupu, kama muziki wa jirani unaosikia ukutani.

Ikabidi niende saluni. Ndiyo, saluni ya kina dada. Nilingoja jioni, watu wapungue, kumbe jioni ndiyo wanajaa. Dada mmoja akanipokea, akanibandikia kucha ya bandia kwenye cha pete, akaipaka rangi ile isiyo na rangi ili igangamale. Akauliza, "Kaka, na ule mkono mwingine?" Nikamwambia huo zikate zote kabisa. Saluni nzima ikanyamaza, hata dryer nadhani lilizima. Kuzisawazisha nazisawazisha mwenyewe kwa msasa laini wa dukani, ule wa kumalizia rangi ya gari, na bosi ameshaanza kuuliza kwa nini msasa namba 1000 unatoka na hauna risiti.

Miezi mitano ikapita hivyo. Huku mimi nina kipima mapigo kwenye simu nimekiweka 40 kwa dakika, huku kijana wa chumba cha pili ana spika yenye singeli inayopita 200. Kila nikifika pigo la tatu yeye ameshamaliza nyimbo mbili. Nikasonga kidogokidogo kama konokono, nikavuka utangulizi, mpaka jioni moja, nimekaa barazani, nikaingia kwenye kile kipande kinachoanza fungu la kumi na tatu, ukihesabu mapigo matatumatatu. Kikatoka. Safi, bila kugonga kopo.

Uani pote watu wakasimama. Mama wa chumba cha nne akaacha kufua, akafuta mikono kwenye kanga, akakimbilia ndani. Kijana wa singeli akajipapasa mifukoni. Shemeji aliyelala tangu mchana aliinuka akauliza nani ananipigia. Na mama Zawadi, kutoka jikoni: "Baba Zawadi, pokea simu!"

Ndipo nikajua naujua kutoka wapi.

Jamani, ule mlio wa Nokia. Ule ule. Nikapekua, nikakuta ni kweli: waliuchukua kutoka kwenye Gran Vals, fungu la 13 hadi la 16, na mwaka 1994 ukaanza kulia kwenye simu yao ya 2110. Tárrega mwenyewe alishafariki mwaka 1909, Barcelona, hajui lolote. Mtu ameandika dansi nzima yenye mwanzo, katikati na mwisho, dunia imechukua sauti kumi na tatu. Nimezihesabu. Mwalimu wa kwaya wa mtaani kwetu aliposikia kisa changu alicheka, akachukua kalamu, akaandika nyuma ya risiti ya saruji: so fa la ti, mi re fa so, re do mi so do. Sekunde ishirini. Mimi miezi mitano, kucha tatu na mshipi wa papa.

Nikasema sawa, labda ni huku uani tu hawana ustaarabu. Nikaomba kupiga kwenye ubarikio wa mpwa wangu. MC akanitambulisha vizuri, ukumbi ukatulia. Nilipofika pale fungu la kumi na tatu mjomba wangu wa meza ya mbele akasimama, kidole kimoja sikioni, akatoka nje akisema, "Haloo? Haloo? Nipo kwenye shughuli, sikusikii!" Hakurudi mpaka chakula.

Na bado kuna hili, ambalo mama Zawadi hajaacha kunikumbusha. Katika kupekua kwangu nikasoma maisha ya huyu Tárrega. Utotoni alitumbukia kwenye mfereji wa kumwagilia, akaumia macho. Nikamhurumia. Nikaendelea. Nikafika mahali wanaposema kwamba miaka yake ya mwisho alikata kucha zote, akawa anapiga kwa nyama ya vidole.

Alikata kucha!

Nilirudia kusoma mara mbili. Mama Zawadi akasema si basi uzikate na wewe, tule kwa amani. Nimekataa. Nikizikata leo, mama mkwe atajua mganga kazidiwa.

Mzee mwenye nyumba yeye ana msimamo wake. Ni mtu wa Ujiji, na marehemu baba yake alikuwa na santuri za huko Kongo. Anasema gitaa la vidole aliyelipiga ni Mwenda Jean Bosco, wa kwanza na wa mwisho, na alilipiga kwa gumba na shahada basi. "Vidole viwili, baba Zawadi. Wewe unatumia vinne na bado unanipigia simu." Nikaenda kuhakiki, mzee hakudanganya: Hugh Tracey, yule aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, siku hizi Likasi, ule wimbo wa Masanga, na ukiusikiliza utaapa wapo watu watatu. Nikanyamaza.

Tatizo ni kwamba mzee ana kitochi cha Nokia, na hajawahi kukibadilisha mlio. Juzi Jumamosi alinigongea asubuhi. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia, nikajua kuna jambo. Mwanawe wa Mwanza alimpigia mara nne Ijumaa jioni kuhusu mtu wa kununua kiwanja. Mzee alikuwa amekaa na kitochi mfukoni, anakisikia kinalia, anatikisa kichwa na kusema kijana leo anapiga vizuri.

Mteja akanunua kiwanja cha mtu mwingine.

Nikamwambia, mzee wangu, samahani sana, labda tungebadilisha mlio, au tukiweke mtetemo. Akanitazama kucha, akanitazama usoni. "Hii simu," akasema, "niko nayo tangu wewe hujaoa. Gitaa ndilo liwekwe sailensi."

Kodi inaisha mwezi ujao, sina ubavu. Jana usiku nikachomeka soksi chini ya nyuzi, pale karibu na daraja, mpaka sauti ikabaki kama mtu anayepapasa mkeka. Nikafunga mlango. Nikafunga dirisha, joto lote hili. Nikazima taa, maana kipande chenyewe nimeshakishika kichwani. Nikapiga lile fungu la kumi na tatu kwa nyama ya vidole, polepole, hata mimi mwenyewe sikusikia vizuri.

Mama Zawadi akageuka kitandani. "Baba Zawadi," akasema, macho hajafumbua, "simu yako inatetema."