Je, Mageuko Yangefuata Njia Ileile Mara ya Pili?

Tuseme historia ya uhai irudishwe mwanzo kabisa, kwenye bahari zilezile na chini ya jua lilelile, kisha viumbe waachwe waanze upya. Mtaalamu wa visukuku Stephen Jay Gould alishikilia kwamba matokeo yasingefanana hata kidogo na tunachokiona leo, kwa kuwa matukio madogo ya bahati yangeipeleka historia kwingine. Mwenzake, Simon Conway Morris, anashikilia kinyume: mazingira huwapa viumbe matatizo yaleyale, majibu yanayofaa ni machache, hivyo uteuzi asilia ungeyafikia tena. Naliona swali hili kuwa zito kwa sababu linagusa kiini cha jambo, yaani uteuzi asilia unaweza kufanya nini, na unashindwa wapi.

Kuhusu utaratibu wa uteuzi asilia wenyewe hakuna ubishi. Viumbe wa spishi moja hutofautiana, baadhi ya tofauti hizo hurithiwa, na wanaofaulu kuishi na kuzaa huacha wazao wengi zaidi. Katika kisiwa kidogo cha Daphne Major, huko kwenye visiwa vya Galapagos, ukame wa mwaka 1977 ulimaliza mbegu ndogo laini, zikabaki kubwa na ngumu. Ndege wengi walikufa, na waliosalimika walikuwa hasa wale wenye midomo minene, ambao wazao wao waliirithi midomo hiyo. Mvua kubwa za mwaka 1983 ziliporudisha mbegu ndogo, uteuzi uligeuka ukawapendelea wenye midomo midogo. Hapakuwa na lengo la mbali, bali mbegu zilizokuwapo na midomo iliyokuwapo.

Wanaoamini kwamba njia hurudiwa wana ushahidi mzito. Katika ziwa Tanganyika na ziwa Malawi wamo samaki wa jamii ya sikilidi wanaofanana ajabu, wengine kwa midomo minono, wengine kwa nundu ya kipaji, ilhali jeni zao zaonyesha kwamba wale wa Malawi wana undugu wa karibu zaidi wao kwa wao kuliko na wenziwao wa Tanganyika. Jicho la pweza nalo lina lenzi na retina, yaani utando wa ndani unaopokea mwanga, kama letu, ingawa limetokea kwa njia yake. Hata hivyo, jicho hilohilo linaupa nguvu upande wa pili. Kwetu sisi nyuzi za neva hupita mbele ya retina na kutokea kwenye tundu moja, hivyo kila jicho la binadamu lina sehemu isiyoona, wakati kwa pweza nyuzi hizo hupita nyuma na sehemu hiyo haipo. Jibu ni moja, lakini kila ukoo umeliandika kwa mwandiko wake.

Jaribio lililokaribia zaidi kulipima swali hili lilianzishwa mwaka 1988 na Richard Lenski wa Marekani, kwa chupa 12 za bakteria waitwao Escherichia coli, wote wazao wa mzazi mmoja. Kila siku asilimia 1 ya kilichomo huhamishiwa kwenye chupa mpya yenye glukosi kidogo, yaani sukari ambayo ndiyo chakula chao, na kila baada ya vizazi 500 sampuli hugandishwa zikiwa hai, kiasi kwamba mababu wanaweza kuamshwa na kushindanishwa na wajukuu wao. Katika chupa zote 12 bakteria walijifunza kukua haraka zaidi, na seli zao zikawa kubwa. Huo ni ushindi wa Conway Morris. Kisha, baada ya vizazi zaidi ya 31,000, chupa moja ikawa na majimaji yenye wingu zito kuliko nyingine zote, kwa sababu bakteria wake walikuwa wameanza kula sitrati, kemikali itokanayo na asidi ya limau, iliyokuwamo tangu siku ya kwanza, ambayo kwa kawaida hawawezi kuitumia penye oksijeni. Watafiti walipoamsha mababu wa chupa hiyo na kuwapa nafasi mpya, uwezo ule ulijitokeza tena kwa wale wa kuanzia takriban kizazi cha 20,000, si kwa waliotangulia. Mabadiliko fulani ya awali yalikuwa yameshafungua mlango, na bila hayo hatua ya mwisho haikuwezekana.

Mwaka 2016 watafiti wengine walilipinga fundisho hilo kwa kuwaweka bakteria wa aina hiyo mahali ambapo sitrati ndiyo karibu riziki pekee, wakaupata uwezo uleule ndani ya vizazi visivyozidi 100. Pingamizi hilo nalikubali kwa sehemu: linaonyesha kwamba ugumu ulitokana pia na masharti ya chupa za Lenski, wala si bahati tupu. Lakini haliondoi hoja ya historia, kwa maana mazingira yenyewe ni sehemu ya historia, na hakuna kiumbe anayejichagulia.

Kwa maoni yangu, Gould na Conway Morris wote wawili wana haki, kila mmoja kwa umbali wake. Pale tofauti inayohitajika imo tayari ndani ya kundi, kama midomo ile ya Daphne, au inapohitaji hatua moja fupi, uteuzi asilia hutabirika. Pale zinapohitajika hatua kadhaa zinazofuatana, na zile za mwanzo hazileti faida ya wazi, utabiri hukoma. Zile chupa nyingine 11 zilipita makumi ya maelfu ya vizazi zikiwa na sitrati ileile, na bakteria wake waliendelea kusubiri glukosi ya kesho.