Tundu la ozoni linapona? Taja kwanza mwezi

Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Susan Solomon, mwanakemia wa anga wa Marekani, walitangaza kuwa tundu la ozoni juu ya Antaktika, yaani eneo ambalo gesi hii inayozuia mionzi ya UV ya jua hupungua mno, limeanza kupona: eneo lake la Septemba lilikuwa limepungua kwa zaidi ya kilomita za mraba milioni 4 tangu 2000. Mwaka 2023 wenzao wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, wakasema kinyume: katikati ya tundu, ozoni ya Oktoba imeshuka kwa asilimia 26 tangu 2004.

Makundi haya mawili hayakupima kitu kimoja. Majira ya baridi pepo huizunguka ncha ya kusini na kuifungia hewa ndani. Joto likishuka chini ya nyuzi 78 hasi hutanda mawingu ya asidi ya nitriki na barafu, na juu ya chembe zake klorini iliyojificha katika misombo tulivu huamshwa. Jua likirejea mwishoni mwa Agosti, ozoni huanza kuliwa. Kasi ya Septemba, basi, inafuata kiasi cha klorini, nacho kinapungua kwa sababu ya Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba uliozuia gesi za CFC zinazopeleka klorini angani. Polepole lakini, maana CFC-12, mojawapo ya gesi hizo, hukaa angani takriban miaka 100. (Marekebisho ya Kigali ya 2016, yanayotajwa sana kwetu, yanahusu gesi za HFC, zilizochukua nafasi ya CFC. Hizo hazina klorini. Shida yake ni kuongeza joto la dunia.)

Oktoba mambo hubadilika. Kati ya kilomita 14 na 20 ozoni karibu yote imeshakwisha, na kinachobaki ni kusubiri mzunguko wa pepo uvunjike. Mwaka 2019 stratosfia, tabaka la anga lenye ozoni, ilipata joto ghafla, tundu likawa dogo mno. Kuanzia 2020 hadi 2023 mzunguko ulidumu, na tundu likafunga Desemba.

Watafiti wa Otago waliutoa 2019 kwenye hesabu. Hapo hoja yao inalegea: mwaka huo uko karibu na mwisho wa kipindi chao, na kuutoa kunauinamisha mstari. Ila wana haki kuhusu madhara. Desemba jua la kusini liko juu na barafu ya bahari imepungua, hivyo mionzi ya UV inawafikia viumbe waliokuwa wamefunikwa.

Makadirio ya kimataifa ya 2022 yanasema ozoni ya Antaktika itarudi kwenye kiwango cha 1980 ifikapo 2066 hivi. Kuyahakiki, fuata eneo lililo chini ya vipimo 220 vya Dobson (kipimo cha wingi wa ozoni) mwanzoni mwa Septemba. Tarehe ya tundu kufunga iwekwe kwenye safu yake peke yake.