Ukiivunja Utaijua, Ila Hutaitumia

Kibanda chenyewe kiko Mwanga, mjini Kigoma, katikati ya muuza mitumba na mama anayekaanga migebuka. Amplifaya ya kwaya ilikuwa imelala kifudifudi, mgongo wazi. Fundi alikuwa ameibadilishia transista za kutolea sauti, 2SC5200 na mwenzake 2SA1943, akaweka mpya zilizokuja na basi kutoka Kariakoo. Siku ya mazoezi wimbo wa pili haukufika mwisho, ulitoka moshi. Basi akashika koleo, akavunja moja ya zile mpya zilizoungua. Kisha akapekua kopo la takataka, akaipata ile ya zamani iliyotoka kiwandani na amplifaya yenyewe, nayo akaivunja. Akavilaza vipande viwili juu ya kiberiti.

“Mzee, angalia mwenyewe.”

Ndani ya ile ya zamani silikoni, kile kipande kinachopitisha umeme, ilikuwa imetanda kama ukucha wa kidole cha mwisho. Ndani ya ile mpya silikoni ilikuwa ndogo kama punje ya choroko.

Kwa nje zilikuwa mapacha, na mita haikuona tofauti. Haikuwa kosa la mita. Toshiba, mwenye transista hiyo, anaahidi volti 230, ampea 15 na wati 150 za joto. Mita ya kawaida hupitisha mkondo wa miliampea chache tu inapopima. Ni kama kumpima mpagazi kwa kumbebesha bahasha: atatembea vizuri, utamsifu, utamwajiri. Siku ya mzigo ndiyo utakapojua. Joto la transista huanzia kwenye silikoni, likapita kwenye bati la mgongoni hadi kwenye hitisinki, lile chuma la kupoozea, na silikoni ikiwa ndogo joto hujikusanya mahali pamoja hadi pakayeyuka. Hitisinki iwe kubwa kama mlango, haisaidii.

Kwa hiyo wapo mafundi wanaoshikilia kwamba njia ya uhakika ya kujua aisii, yaani chipu, au transista ni kuifungua. Nakubaliana nao nusu.

Nusu ninayokubali ina ushahidi mzito. Katika maabara, plastiki nyeusi ya chipu huyeyushwa kwa tindikali kali ya nitriki au ya salfa iliyopashwa moto, silikoni ikabaki uchi, ikawekwa chini ya darubini. Hapo huonekana mambo ambayo hayafutiki kwa msasa wala kuandikwa upya kwa leza: nembo ya mbunifu, namba ya mchoro, herufi za marekebisho, mpangilio wa saketi zenyewe. Mwaka 2014 Warusi wanaojiita Zeptobars walifungua FT232RL mbili, moja halali na nyingine ya mashaka. Hiyo ni aisii ndogo inayokaa kwenye kebo nyingi za USB, zikiwemo zile ambazo mafundi wa ving'amuzi huingizia programu. Migongoni zilibeba jina moja. Ndani hazikuwa hata ndugu wa mbali: ile ya pili ilikuwa kompyuta ndogo ya matumizi ya jumla, iliyoandikiwa programu ya kuigiza tabia za ile halali, na juu ya silikoni yake palisomeka SR1107 na SUPEREAL. Huwezi kugundua hilo kwa kukwaruza mgongo wa chipu au kuupaka asetoni. Asetoni huonyesha kama rangi imepakwa juu ya rangi, basi.

Sasa nusu ya pili.

Tindikali ya nitriki si kitu cha kibandani. Moshi wake wa rangi ya kahawia unaweza kumwacha mtu akijiona mzima, akala chakula cha jioni, kisha mapafu yakajaa maji usiku. Wako wanaochemsha chipu katika ule utomvu mkavu wa msonobari tunaochovya pasi ya kulehemu, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 300, na plastiki hulainika kweli. Lakini huo nao hutoa moshi, huwaka moto, na unadai subira. Halafu darubini. Ukienda kuazima ya sekondari utarudi na huzuni, maana imetengenezwa kutazama jani la kitunguu: taa iko chini, mwanga unapenya kwenda juu. Silikoni haipitishi mwanga tunaouona kwa macho, kwa hiyo utaona kivuli cheusi tu. Inatakiwa darubini inayomulika kutoka juu. Tochi ya pembeni inasaidia kidogo, na kwa kupima ukubwa macho yanatosha, lakini kusoma herufi za kwenye silikoni ni habari nyingine.

Hizo ni shida za vifaa, na vifaa hununuliwa. Shida kubwa zaidi ni kwamba silikoni husema ukweli kuhusu kuzaliwa kwake, lakini hainyooshi kidole kwenye maisha yake. Sehemu kubwa ya chipu bandia duniani hazikuchongwa na mghushi. Zilitolewa kwenye mabodi mabovu. Katika mji wa Guiyu, kusini mwa China, watu kwa miaka mingi waliyapasha moto mabodi ya kompyuta zilizotupwa, wakachomoa aisii, zikasuguliwa na kuandikwa tarehe mpya. Kamati ya Bunge la Seneti la Marekani inayoshughulikia majeshi ilipotoa ripoti yake mwaka 2012, ilikuwa imekuta kesi 1,800 za vipuri vya elektroniki vyenye mashaka katika ununuzi wa jeshi, jumla yake ikizidi vipande milioni moja. Ukifungua chipu iliyochomolewa hivyo, darubini itakuambia ni halali, jina lipo, mchoro ni wenyewe. Hutaambiwa kwamba imeshafanya kazi miaka tisa, ikaokwa juu ya makaa, ikakaa kwenye unyevu.

Kuna na mtego wa upande mwingine, unaowanasa hasa wanaoanza. Mwaka ulioandikwa juu ya silikoni ni wa mchoro, si wa siku chipu ilipotengenezwa. Chipu iliyochorwa 2004 inaweza kutoka kiwandani leo ikiwa halali kabisa. Tena viwanda vyenyewe hubadilisha michoro kila baada ya muda ili vipande vingi zaidi vitoke kwenye sahani moja ya silikoni, na mara nyingi kipande kipya huwa kidogo kuliko cha zamani. Fundi mwenye koleo na haraka anaweza kumwita mwenye duka mwizi kwa sababu ya maendeleo ya kiwanda. Kwenye transista za nguvu hatari hiyo ni ndogo, kwa kuwa wati 150 zinadai eneo, na ukucha hauwi choroko kwa ubunifu. Kwenye aisii za hesabu na kumbukumbu, ukubwa peke yake haunishawishi.

Na kuna njia ambayo nashangaa haizungumzwi sana, labda kwa kuwa haina moshi. Chukua IRF3205, mosfeti (aina ya transista ya nguvu) iliyojaa kwenye inveta za sola huku kwetu, na inveta ikilala hapa Kigoma, friji ya soda na saluni hulala nayo. Geti ya mosfeti, mguu wake wa kuiwasha na kuizima, ni kama bamba la kapasita, kile kipuri cha kutunza chaji, lililotandazwa juu ya silikoni: eneo likiwa kubwa, kapasita huwa kubwa. Karatasi ya kiwanda inataja takriban pikofaradi 3,247, ikipimwa kukiwa na volti 25 kati ya dreni na sosi, ile miguu yake mingine miwili. Zile testa ndogo za bei nafuu zenye kioo cha kijani hazina volti hizo, kwa hiyo kwa mosfeti halali namba hupanda juu ya hapo. Ukipata nusu yake, umeshaiona choroko bila kuvunja chochote. Pima kwanza ile unayoiamini, hata ikiwa imechomolewa kwenye bodi la zamani, uandike namba yake ukutani. Testa haitakuambia mtengenezaji ni nani, ila itakuambia kilichomo ni kikubwa au ni kidogo, na kwa mtu anayelinda inveta ya watu hilo ndilo swali.

Hapa ndipo naona wabishanaji wanapopishana bila kusalimiana. Swali la “ni ya nani?” na swali la “itabeba?” ni maswali mawili. La kwanza ni la mwenye nembo na la serikali. Tume ya Ushindani, kupitia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, inafuatilia nembo, na ni haki yake. Ila jibu la swali hilo likitumiwa vibaya humpiga asiyehusika. Oktoba 2014 kampuni ya Uskoti ya FTDI, mwenye ile FT232RL, ilisambaza programu kupitia masasisho ya Windows iliyobadilisha namba ya utambulisho wa chipu bandia kuwa sifuri, kompyuta zikaacha kuzitambua. Kelele zikawa nyingi na programu ikaondolewa. Walioumia walikuwa wanunuzi waliolipa pesa halali kwa kebo wasiyoweza kuitazama ndani. Kwetu tunakumbuka Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia. Sikatai kwamba soko lilihitaji kusafishwa, na tarehe ilitangazwa mapema. Lakini simu iliyozimwa ilikuwa mfukoni mwa mnunuzi, wakati aliyeiuza alishahesabu pesa zake.

Wapo pia wanaosema feki ina nafasi yake: kwaya haina bei ya orijino, na transista ndogo katika redio ya mezani itazeeka na redio yake. Ningewaelewa kama choroko ingeuzwa kwa jina la choroko. Mtu angenunua ya ampea tano akijua ni ya ampea tano, akapunguza sauti, mambo yakaenda. Bei rahisi haikuiunguza ile amplifaya. Iliunguzwa na namba ya uongo mgongoni.

Turudi kwenye koleo, maana kwa transista za nguvu bado nalipigia kura. Uzuri wake uko kwenye lile kopo la takataka: kila kifaa kinachoingia kibandani na kipuri cha kwanza cha kiwandani kimekuja na sampuli yake ya kulinganishia, bure, hata kama imekufa. Silikoni iliyoungua huwa na shimo au ufa, lakini eneo lake kwa kawaida bado unaliona. Ubaya wake ni hesabu. Ukinunua mbili ukavunja moja, umetupa nusu ya pesa. Ukinunua hamsini za mkupuo mmoja ukavunja moja, umetupa asilimia mbili, na zile arobaini na tisa unaweza kuzilinganisha kwa testa.

Ndiyo maana mafundi wanne wa Mwanga wamekubaliana kuchanga na kuagiza pamoja, pakiti moja, muuzaji mmoja, ya kwanza ivunjwe mbele ya wote kabla ya kugawana. Pesa imeshapatikana. Wiki ya pili sasa wanabishana ile ya kuvunjwa itatoka kwenye fungu la nani.