Kalvati Ina Mwezi Gani?

Leo asubuhi nimeacha kiatu cha kushoto pale pale. Sisemi ni wapi. Ni masika, na mkazi wa mtaa huu akisikia kiatu kimezama hana haja ya kuuliza. Nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo, simu nimeiinua juu isilowe, na hapo hapo ikalia. Ujumbe wa kundi la wadi: "Wananchi wote mnaalikwa kutoa maoni kuhusu makadirio ya bajeti ya kaunti. Ukumbi wa jamii, leo saa tatu kamili." Leo! Nikaangalia saa: tatu kasorobo.

Jina la kaunti nitalisitiri. Ziko 47, weka ile unayoishi.

Mimi ni mtu na heshima zangu. Ni fundi cherehani, sina deni la ushuru, risiti za sokoni nazijaza katika mkebe wa biskuti miaka nenda miaka rudi. Cherehani nalala nayo nyumbani. Meza ya kukatia, ile yenye alama ya pasi katikati, hulala nje kibandani kwa kuwa ni nzito na mwizi wa mtaa huu hapendi kazi. Basi nikajisemea, mwananchi hanuni, mwananchi anashiriki. Katiba ya 2010 imeniita kwa jina. Nikarudi nyumbani, nikanawa tope, nikavaa makubazi, koti la harusi juu, huyoo.

Saa tatu ya mwaliko ni saa tano ya meza kuu, hilo mnalijua. Muda huo tulikuwa tunajiandikisha. Jina, kitambulisho, simu, sahihi. Karatasi ya pili: jina, kitambulisho, simu, sahihi, hii ya soda. Ya tatu ilisemekana ni ya nauli, na mpaka sasa hivi ninapoandika, nauli yenyewe bado iko njiani. Labda imekwama pale pale.

Kitabu cha bajeti kilikuwepo. Kinene, kwa Kiingereza, nakala mbili. Moja ya afisa, ya pili alikuwa nayo mwenyekiti wa vijana, kijana wa miaka kama 46 hivi, anajipepea nayo.

Wakaanza watu. Mama wa chapati akataka choo cha soko. Mmoja akataka basari. Mmoja akataka uwanja wa mpira wenye taa, na mpira wenyewe hapa tunacheza na mbuzi katikati. Mzee mmoja akauliza habari ya zahanati, ile iliyojengwa ikapakwa rangi, ikakatiwa utepe mara mbili, nesi hakuja. Afisa akamuuliza kama wodi ya wazazi inatumika. Mzee akasema inatumika sana, juzi mbuzi wawili wamejifungulia humo, salama kabisa.

Ikafika zamu yangu. Nikasimama, nikavuta koti.

"Naomba kalvati."

Afisa ni kijana mpole, ana tai, ana kalamu mbili. Akatabasamu. "Asante sana mzee wangu, hoja nzito. Ila hoja hii ni ya Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, na ule sheria inataka ufike bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Ulishapita. Sasa hivi Mei tunapitia makadirio, miradi mipya hatuongezi."

"Nilikuja wakati ule, mwanangu. Agosti. Nilikalia kiti kile, kile chenye mguu mbovu."

"Ukaambiwaje?"

"Nikaambiwa, mzee, hapa tunapanga tu, pesa bado. Njoo Februari."

"Na Februari?"

"Nikaja. Kiti ni kile kile. Nikaambiwa Februari ni waraka wa mikakati ya fedha, ndipo mnapokata mafungu makubwa, afya hivi, barabara hivi, maji hivi. Hamshuki mpaka chini kwenye kalvati. Nikaambiwa, mzee, subiri makadirio, mwishoni mwa Aprili yanakwenda bungeni, halafu tutakuja kwenu mtoe maoni. Sasa mmekuja. Haya ndiyo maoni."

Afisa akashusha macho kwenye kitabu. Ukumbi kimya, mwenyekiti wa vijana ameacha kujipepea.

"Ni kweli mzee wangu, mfumo una hatua."

Hatua! Mwanangu, mimi niliyekuja hapa ni kwa sababu ya hatua. Hatua moja tu, kutoka ukingo huu hadi ule! Hapo nikasahau koti na heshima. Nikamuuliza, kalvati ina mwezi gani? Embe najua mwezi wake. Mkizi najua mwezi wake. Hata Ramadhani inahama, lakini ukitazama juu unaiona inakuja. Kalvati nimeiomba tangu 2014, mama watoto ana mimba ya kitinda mimba wetu. Mtoto huyo leo anavaa kiatu cha namba ile ile kama mimi, na juzi chake cha kulia kimekwenda huko huko. Nikikipata tu nina jozi.

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa sijamaliza.

Afisa akakumbuka kitu, uso ukang'aa. "Kuna pia bajeti ya ziada, mzee."

"Hiyo ni mwezi gani?"

"Hiyo haina mwezi maalumu. Inategemea."

Inategemea nini hakusema. Akafungua kitabu, akalamba kidole, akapekua, akalamba tena. "Subiri mzee wangu, sehemu yenu mlihudumiwa! Hii hapa. Mulika mwizi moja."

Kweli. Siwezi kusema uongo mbele ya watu, mulika mwizi tuliletewa. Mlingoti mrefu kuliko minazi yote, wakausimamisha juu ya mtaro wenyewe. Miezi mitatu ya kwanza uliwaka kama mchana. Ukitumbukia, unajiona vizuri unavyotumbukia, na waliokaa barazani pia wanakuona. Halafu ukazima. Bili ya umeme ni ya nani, hilo liliulizwa mwaka jana likaandikwa. Sasa ni mlingoti tu. Kunguru wanaupenda.

Akaja kuhitimisha mkubwa wake, mama mmoja mwenye sauti ya redio. Akatueleza kwamba pesa za Nairobi huchelewa, kwamba madeni ya wakandarasi ni mengi, kwamba sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na ifikapo tarehe 30 Juni bunge la kaunti liwe limeshapitisha. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga mawili, halafu hesabu ikanishika. Mwaka wa fedha wa 2025/26 kaunti zote zilitengewa bilioni 415, nilisikia redioni. Si pesa ndogo. Na hiyo asilimia 30 ni sawa na mtu aniletee mita tatu za kitambaa, nimshonee suruali kwa mita moja kasoro, zile mbili na ushei nimwambie zimetumika kuendesha kibanda. Angenipeleka kwa chifu kabla ya adhuhuri. Najua mtaniambia manesi nao wanalipwa humo humo kwenye mita mbili. Sawa. Nesi mwenyewe yuko wapi? Waulizeni mbuzi.

Soda zikaja. Moto, za chupa, kifungulio hakuna. Mwenyekiti wa vijana alifungua za wanawake kwa meno, bure, kura hizo, na za wanaume akasema meno yamechoka. Yangu nikaitia mfukoni mwa koti la harusi, ndiyo nauli yangu.

Saa tisa nikashika njia ya soko. Getini nikakutana na kijana wa ushuru.

"Mzee, hamsini ya leo."

"Sijafungua leo. Nilikuwa kwenye bajeti yako."

"Kibanda kipo, mzee. Ushuru ni wa kibanda."

Nikalipa. Risiti ya mkebe.

Ila nimeruka jambo moja, kabla sijafika getini. Pale mtaroni nilikuta vijana wawili wamelaza ubao, shilingi kumi kuvuka, wenye mizigo ishirini, mama wajawazito bure. Wamejipanga: mmoja anapokea pesa, mwingine anashika watu mkono. Nikatoa kumi yangu kwa moyo safi, nikakanyaga, ubao imara kweli, hautikisiki. Nikamwambia yule wa pesa, vijana wangu, hapa mmefanya kazi. Nilipofika katikati nikainama kuangalia kama kiatu kimeelea, nikaona chini ya kubazi langu, katikati ya ubao, alama ya pasi.