Upepo wa Kwenda Tu

Sisi watu wa Kibosho maji tunayoyajua ni ya mfereji: yanashuka kutoka juu, yanapita kwenye migomba kwa zamu, na asiyefungua kwake kwa wakati analala na shamba kavu. Maji ya kupanda juu yake yakupeleke mahali hatujawahi kuyahitaji. Lakini dada yangu ameolewa Pangani, na mumewe kila akija Moshi kwa Krismasi hukaa kibarazani kavaa sweta mbili, anatutazama kwa huruma.

"Shemeji, ninyi mna mlima," huniambia. "Upepo hamna."

Krismasi iliyopita akatangaza kwamba kesho yake ni zamu yake kututembeza. Tungevuka Bwawa la Nyumba ya Mungu kwa tanga, kutoka upande wa Mwanga hadi Simanjiro, tule ng'ambo, turudi. Mama akauliza kwa nini tusile hukuhuku. Hakujibiwa.

Wavuvi tuliowaulizia walikuwa wa kasia, mmojammoja ana injini. Wa tanga hatukumpata. Hilo halikumsumbua shemeji. Alikuwa ameshanunua turubai la bluu soko la Memorial na kulipeleka kwa fundi mmoja mjini anayeshona sare za shule. Fundi akauliza kiuno. Shemeji akamchorea pembetatu vumbini. Fundi akaitazama, akauliza tena kiuno. Nimtendee haki: alishona vizuri, pindo la mishono miwili, na kwa kuwa turubai lilibaki, akaweka mfuko.

Basi tukapita Himo, tukaacha lami kulia, tukateremkia kwenye joto, mama kapakata hotpoti ya machalari, dumu la mbege liko miguuni pake. Njia nzima shemeji anatufundisha kwamba lile bwawa kimsingi ni la kwao. Kikuletwa na Ruvu zinamwaga maji humo, yanatoka ukutani yakizungusha mitambo ya megawati 8, kazi iliyoanza 1968. Yanateremka hadi Hale, megawati 21, halafu Pangani Falls, megawati 68, ndipo yanaingia baharini mbele ya mji wa Pangani.

"Yakifika kwetu yamechoka," akasema. "Sisi ndio tunayapumzisha."

"Na umeme mbona unakatika?" mama akauliza. Hakujibiwa tena.

Pale ufukweni tulipewa mtumbwi mkubwa wa mbao, maboya ya kuvaa, na kijana wa kasia. Kijana akatazama mlingoti wetu wa mgrevilea, akatazama turubai, akatazama mfuko. "Mjomba," akasema kwa adabu, "huu upepo wa mchana unajua kwenda, kurudi haujui. Tupige kasia tu." Shemeji akamwambia akae nyuma ajifunze. Kijana akakaa. Kasia akalikalia.

Watoto wakauliza kama kuna mamba. "Wapo," kijana akasema. Mama akavaa boya la pili juu ya la kwanza.

Sasa, lazima niseme ukweli: kwenda kulikuwa raha. Kaskazi ilitupiga mgongoni, turubai likajaa, mfuko nao ukajaa, tukawapita wavuvi wa perege wakabaki midomo wazi. Shemeji kasimama, mkono kiunoni, anatoa amri. "Legeza demani! Vuta demani!" Demani ilikuwa kamba niliyoishika mimi. Dada akawaambia watoto, "Mnamwona baba yenu?" Hata mama alicheka. Ng'ambo tulifika machalari yangali yanatoa moshi.

Tukala. Mfugaji mmoja wa Kimasai aliyekuwa ananywesha ng'ombe pale akatukaribisha, akaonja mbege, akatutakia safari njema.

Tukasukuma mtumbwi, na kaskazi ileile ikatukaribisha usoni.

"Hapa tunakwenda bisho," shemeji akatangaza. "Unakata kushoto, unakata kulia, unapanda kidogokidogo." Nadharia nzuri sana. Ila mtumbwi ule chini ni bapa, hauna mkuku, kwa hiyo ulikata kushoto ukateleza kiubavu, ukakata kulia ukateleza kiubavu, na baada ya jasho jingi tukagonga nchi kavu.

"Karibuni tena," akasema yule mfugaji.

Tukaingia upya. Mawimbi yakaanza kuruka ndani, watoto wanafua maji kwa mfuniko wa hotpoti, shemeji kapotewa na sauti. Tukagonga. Safari hii mfugaji alinyanyua mkono tu. Tulipogonga tena alikuwa ameketi juu ya jiwe, na wenzake wawili wamekuja na fimbo zao kuangalia. Ng'ombe walishamaliza kunywa zamani, ila hakuna aliyewapeleka popote.

"Kwani huko kati," akatuuliza, "mnatafuta nini?"

Ndipo pindo likachanika, lote, kasoro mfuko.

Jua lilipoinama upepo ukakatika ghafla, bwawa likalala. Kijana akainuka, akachukua kasia alilolikalia tangu asubuhi, akauliza, "Sasa twende?" Akaanza kupiga, polepole, mtumbwi unanyooka moja kwa moja kuelekea Mwanga. Shemeji kajifunika tanga, baridi ya maji imemkuta bila sweta.

"Kijana, kasia umejifunzia wapi?" akauliza, nadhani ili avunje ukimya.

"Kwetu, mjomba. Bweni."

Bweni ni ng'ambo ya mto tu ukiwa Pangani mjini. Shemeji akakaa wima. "Na hukusema?"

"Nilikuona unafurahi." Akapiga kasia kidogo. "Mjomba, wewe si ndiye uliyekuwa unakata tiketi pale kwenye kivuko?"

Nilimgeukia dada. Dada alikuwa anatazama maji ya upande wa pili, kwa makini sana.

Kimya kikakaa. Mama, na maboya yake mawili, akasogea mbele hadi alipo mkwe wake.

"Baba," akamwuliza kwa upole, "tiketi zenu zilikuwa za kwenda na kurudi, au za kwenda tu?"