Waya wa 1973 na fedha za leo

Mwaka 1973 Jeshi la Anga la Marekani lilitoa kiwango cha mawasiliano ya ndani ya ndege kiitwacho MIL-STD-1553. Kasi yake ni megabiti 1 kwa sekunde. Picha moja ya simu yenye megabaiti 3 ingehitaji sekunde 24 hivi kupita humo. Waya unaofuata kiwango hicho bado unafanya kazi ndani ya F-16 na ndege nyingine nyingi za kivita, na ndio unaowatia hamu wawekezaji. Rada na kamera za siku hizi humwaga data ambayo waya huo hauwezi kuibeba, kwa hiyo anayeuza swichi za Ithaneti (mtandao wa kawaida wa waya wa kompyuta) na kadi za faiba, yaani nyuzi za kioo zinazopitisha data kwa mwanga, zinazostahimili joto na mtikisiko anaonekana kuwa na soko lililokwisha kuiva.

Fedha nazo zipo. Juni 2025, nchi za NATO zilikubaliana mjini The Hague kwamba kufikia 2035 zitatenga asilimia 5 ya pato la taifa kwa ulinzi na usalama, asilimia 3.5 kati ya hizo zikienda kwenye ulinzi wenyewe. Isitoshe, kifaa kikishapimwa na kuidhinishwa ndani ya ndege, kukitoa ni kazi pevu, kwa sababu majaribio huanza upya. Ndege ya mabomu ya Marekani, B-52, iliruka mara ya kwanza mwaka 1952 na mpaka leo iko kazini. Fikiria kuuza vipuri kwa mteja wa namna hiyo!

Lakini ugumu huohuo wa kung'oa kifaa ndio unaoulinda waya wa zamani, na hapa naona wengi wanajidanganya. 1553 haikubaki kwa uzembe. Kompyuta moja ndiyo inayotoa zamu, na kila kifaa husema kinapoulizwa tu. Waya ni wa njia mbili, moja ikikatika nyingine inashika. Amri ya kuachia kombora ni maneno machache. Haihitaji kasi kubwa, inahitaji kufika kwa wakati unaojulikana. Ithaneti ya kawaida hupanga data foleni kwenye swichi, na foleni haitabiriki. Dawa zipo: A380 ya Airbus, ndege ya abiria, hutumia Ithaneti iliyowekewa mipaka ya muda. Ila kila dawa ina gharama yake ya kuthibitishwa. Ndiyo maana mara nyingi mtandao mpya huongezwa kando ya ule wa zamani, nao wa zamani ukaachwa mahali pake.

Halafu kuna ratiba, ambayo mwenye hisa haiamui. Maboresho ya ndege ya kivita F-35 yaitwayo TR-3, yenye kompyuta mpya, yalichelewa hadi Marekani ikasitisha kupokea ndege mpya kuanzia Julai 2023 hadi Julai 2024. Mwaka huohuo wa 2023, Mercury Systems, watengenezaji wa kompyuta za kijeshi, walitafuta mnunuzi wakamkosa, na mkurugenzi wao mkuu akaondoka. Bajeti za ulinzi wakati huo zilikuwa zinapanda.

Hata faida nono ina macho yanayoitazama. TransDigm, kampuni ya Marekani ya vipuri vya ndege, iliinunua Data Device Corporation, jina kubwa katika vifaa vya 1553, mwaka 2016 kwa takriban dola bilioni 1. Mwaka 2019 mkaguzi mkuu wa Wizara ya Ulinzi alipitia vipuri 47 vya TransDigm akakuta faida iliyopita kiasi kwenye 46, jumla dola milioni 16.1. Kampuni ilizirudisha. Kiasi hicho kwake ni kidogo, lakini kinaonyesha kwamba mnunuzi akiwa serikali, bei unayojipangia inaweza kuitiwa maelezo bungeni.

Mimi nikichagua hisa nisingeanza na kasi ya gigabiti. Ningeuliza kadi ya kampuni hiyo imo ndani ya ndege ngapi zinazoruka sasa, na mapato ya matengenezo ni sehemu gani ya mauzo. Kwa kipimo hicho, kampuni inayouza kifaa kinachounganisha 1553 na Ithaneti inanivutia kuliko yenye swichi ya kasi peke yake, ingawa hisa za kampuni ya aina hiyo huwa ni nadra kuzikuta kwa bei ya kutupa.